Asubuhi Isiyo na Moshi kwa Bibi Nakunda

Zahanati, juu ya Vudee,
Same.
Jumapili, 28 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na miguu yako, kwa sababu dada Mwanahawa aliniambia kwenye simu kwamba ule wa kushoto umerudia kuvimba, na nikakusikia nyuma yake ukisema haujavimba. Nijibu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ili nijue la kuamini. Na mikorosho inaendeleaje? Huku salfa ya kupulizia mikorosho hawaijui, lakini kila ikifika Julai najua mmeshaanza kupuliza na wewe umekataa kufunga kitambaa puani. Funga, Mama.

Mimi ni mzima. Nakula vizuri, kazi ipo, na mafua niliyokuwa nayo mwezi uliopita yamekwisha.

Wiki iliyopita uliponiuliza nakuja siku gani likizo ya Agosti, nilisema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Sikuwa na jibu, na hata lilipopatikana nikaona ni refu kuliko vocha yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Daftari langu la kila siku liko wazi hapa mezani ili nisikosee mpangilio wa mambo.

Kwanza nikueleze baridi, maana najua huiamini. Mwaka jana uliniuliza, "Baridi gani ya kumlaza mtu mzima, si Tanzania hii hii?" Mama, ni hii hii. Pale Same mjini, kando ya barabara kuu, watu wanatembea na shati moja wakilalamikia vumbi. Ukipanda gari la kuja huku juu, kila kona unaongeza nguo. Tangu Juni ukungu unashuka jioni na hauondoki mpaka saa tano asubuhi, siku nyingine mpaka saa nane mchana. Suruali nikiifua Jumamosi naivaa Jumatano ikiwa bado na unyevu kiunoni. Nilinunua masweta mawili ya mtumba gulioni Same, na moja ni la kike. Sikujua mpaka akina mama wa kliniki waliponionyesha vifungo, wakacheka hadi watoto wakalia.

Wanaoumia na baridi hii ni wazee wanaoishi peke yao. Watoto wao wako Dar, Moshi, Arusha. Sista mfawidhi wa zahanati yetu alinikabidhi wazee kumi na mmoja wa kitongoji cha juu, niwe nawapitia kila mmoja mara moja kwa wiki mpaka baridi iishe. Unanijua. Siku hiyo hiyo nilipiga mistari kwenye karatasi: jina, analala wapi, ana blanketi ngapi, kuni ziko ndani au nje, anakula nini asubuhi, anavaa nini miguuni. Sista alipoiona akasema, "Athumani, umebakiza kuandika wanaota nini."

Hatari kubwa kuliko zote ni jiko la mkaa. Mzee akizidiwa na baridi analiingiza chumbani, anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa gunia, analala. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, kwa hiyo anadhani hauna neno. Ile hewa yake haina harufu, na mtu anaweza asiamke. Basi nikapita nyumba kwa nyumba nikisema: jiko likae nje, dirisha liachwe wazi kidogo, mtu ajipashe kwa nguo na blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga. Wengi walinielewa.

Aliyenisumbua ni Bibi Nakunda. Ana miaka themanini na kitu. Nyumba yake ya bati ni nzuri, mwanawe Elisante aliijenga, lakini kila baridi ikianza yeye anaihama na kulala kwenye jiko la nje, kijumba cha udongo chenye mafiga matatu na moto wa kuni anaouchochea upya kila alfajiri. Macho yake ni mekundu, na kifua kinalia kama mlango. Mara ya kwanza niliingia nimeinama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari wa kutoka kwenye korosho?"

"Mimi si daktari, Bibi. Ni mhudumu."

"Basi kaa chini, mhudumu. Nimesikia unapita unazima mioto ya watu."

"Sizimi, Bibi. Naitoa nje."

"Ukiwa huko nje unampasha nani?"

Nilirudi wiki tatu mfululizo. Nilimweleza habari ya kifua, nikamweleza kwamba siku akisinzia sana kanga yake itashika moto. Wiki ya nne akakubali. Kwenye daftari nimeandika Alhamisi, tarehe 4 Julai, kwamba Bibi Nakunda amehamia nyumba kubwa. Godoro, blanketi tatu, soksi mbili mbili, kofia ya sufu, chupa ya maji ya moto. Na kwa sababu nilitaka asitoke kwenda kuwasha kuni kwenye ule unyevu wa alfajiri, nikapanga na jirani yake, Mama Neema, awe anamjazia chupa ya chai kila jioni. Asubuhi Bibi anakunywa chai akiwa ndani ya blanketi, moto unasubiri mpaka jua litoke. Chini ya hayo nimeandika "Kazi nzuri" na kupiga mstari. Mstari huo upo bado, sijaufuta.

Jumatatu ya tarehe 15, saa sita kasoro, kijana wa bodaboda alisimama mlangoni mwa zahanati akasema Mama Neema ananiita, Bibi ameanguka. Hakuwa amezima hata pikipiki.

Nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kwenye njia ya kwenda chooni. Alikuwa ametoka kungali giza, akateleza kwenye majani, asiweze kuinuka. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Mama Neema alikuwa amemfunika kwa kanga zake zote na kumwekea kichwa mapajani. Nilipomshika mkono, Mama, ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Alikuwa ameacha kutetemeka, na hiyo ndiyo dalili mbaya. Alinitazama akasema polepole sana, "Mhudumu, mbona leo si Alhamisi?" Alhamisi ndiyo siku niliyompangia.

Tulimwingiza ndani mimi na yule kijana wa bodaboda, tumembeba amelala, bila kumtikisa. Mama Neema alitaka kuwasha moto mkubwa miguuni pake na kumsugua. Nikamwambia hapana, wa namna hii anapashwa taratibu, kuanzia kifuani. Tukamvua nguo zilizolowa, tukamkausha, tukamfunika blanketi zote. Kisha nikamwomba Mama Neema aingie naye chini ya blanketi amkumbatie. Hakuuliza. Alivua sweta lake lililolowa akaingia, akawa anamsemesha kwa Kichasu, lugha ya huku, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi nilikaa na saa yangu. Baada ya muda mrefu Bibi akaanza kutetemeka, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia jambo lolote huku. Alipoweza kumeza vizuri tukampa uji wa sukari kijiko kwa kijiko.

Tukingoja gari la kumshusha Same, nilitoka na Mama Neema tukasimama barazani. Nilimwuliza swali ambalo sasa naona lilikuwa la kijinga.

"Mama Neema, kwako ni ng'ambo tu ya korongo hili. Hukumwona tangu alfajiri?"

Hakukasirika. Alinyoosha mkono kwenye kile kijumba cha udongo.

"Sisi tunaangalia moshi, daktari. Nikitoka kukata majani ya ng'ombe natazama pale juu. Moshi ukitoka, Bibi ameamka. Siku ya ukungu mzito naunusa. Usipotoka, naacha panga naja. Mwaka juzi alipopata malaria nilikuja hivyo hivyo."

"Na leo?"

"Leo nilitazama mara mbili. Hakuna moshi. Nikasema, si daktari amemkataza, yuko ndani anakunywa chai yangu. Nikaenda zangu shamba. Nimekuja saa hizi kuchukua chupa."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia jambo hili nilipokuja kupanga ile chai naye.

"Kukwambia nini? Nani asiyejua? Kwani kwenu mnajuaje kama mtu ameamka?"

Mama, nilitaka kumjibu kwamba kwetu hatuna mambo hayo. Halafu nikakumbuka ufagio. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukisimama uani alfajiri unasikiliza fagio za majirani, kisha unasema, "Bi Zainabu hajafagia leo, hebu nenda kamwone." Nilidhani unanituma tu.

Mama Neema aliongeza neno moja, bila ukali: "Umetuzimia Bibi." Niliiandika sentensi hiyo jioni ile, na sikuandika kitu kingine.

Same walimpiga picha ya nyonga. Haukuvunjika mfupa, ni mchubuko mkubwa. Alilazwa siku nne. Ijumaa Elisante akafika kutoka Dar na gari la kuazima, na siku hiyo hiyo tukampandisha Bibi nyumbani. Elisante ni mtu wa makamo, fundi umeme, mpole wa sauti. Alikuwa ameshaamua. Mama yake anaondoka naye, anaenda kukaa kwenye joto.

Jumamosi tulikaa uani kwa Bibi: Elisante, Mama Neema na mumewe, mwenyekiti wa kitongoji, na mimi. Bibi alikaa kwenye kiti juani, blanketi magotini. Elisante alianza kwa kuwashukuru wote, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Sitaki kumlaumu mtu. Lakini mama yangu amelala kwenye majani tangu alfajiri mpaka karibu na adhuhuri, na moshi wa jirani unaonekana kutoka hapa alipolala. Sasa ujirani huu una kazi gani? Bora akaishi kwangu, hata kama hapapendi."

Mume wa Mama Neema aliinama. Mama Neema alitazama mikono yake. Nikangoja aseme. Hakusema, na nikaelewa kwamba hatasema, hata kama Elisante angerudia maneno yale mara kumi. Pale wote isipokuwa Elisante walijua habari ya moshi, na walikuwa wakiniachia mimi.

Nikasimama. Nilisema, "Kaka Elisante, kosa ni langu." Nikamweleza habari ya moshi kama nilivyokueleza wewe, na chupa ya chai, na kwamba Mama Neema alitazama mara mbili akaona kile nilichomfundisha kuona.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ungemwacha na moto wake?"

"Hapana. Moto ule ungemmaliza kifua, na jiko la mkaa chumbani linaua. Nilichokosea ni kuuondoa bila kumwuliza mtu yeyote ulikuwa unafanya kazi gani nyingine."

"Wewe una miaka mingapi hapa?"

"Mwaka wa pili."

"Mimi nimezaliwa hapa," akasema, "na nilisahau habari ya moshi." Hapo ndipo alipomgeukia Mama Neema akamwomba radhi, kwa Kichasu, na Kichasu changu ni cha nusu, kwa hiyo siwezi kukuandikia alichosema.

Lakini hakubadilisha uamuzi. Akasema pamoja na hayo yote, mama ataondoka. Basi Bibi, aliyekuwa amefumba macho muda wote tukidhani amesinzia, akasema:

"Elisante, kwako kuna milango mingapi?"

"Miwili, Mama. Na geti."

"Na mnatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kwa sababu ya foleni."

"Mnafunga?"

"Lazima tufunge, Mama. Dar ile."

"Basi nikianguka chooni kwako, nitapata joto. Atakayenikuta ni nani?"

Mwenyekiti alikohoa ili asicheke. Elisante akaomba siku za kufikiri, na mwenyekiti akasema wakati anafikiri, sisi tufanye kazi.

Huku wana kitu wanakiita msaragambo. Ni kazi ya wote kwa mmoja, au ya wote kwa wote, kama kusafisha mfereji au kutengeneza barabara. Mtu mzima asipotokea anasemwa. Jumanne na Jumatano walikuja watu kama arobaini, wanaume na mawe na mchanga, wanawake na masufuria ya makande. Fundi alijenga jiko la matofali kwenye ukuta wa nyumba kubwa, mlango wake wa kuni ukiwa sebuleni na bomba likipita juu ya bati. Joto linabaki ndani, moshi unatoka nje, tena mrefu kuliko ule wa zamani. Njia ya chooni imewekwa ngazi za mawe na mti wa kushika pande zote mbili. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mchanga. Mzee mmoja alinipita na jiwe begani akaniambia, "Daktari, kwa mwendo huo baridi itakwisha kabla hujafika." Nilijitahidi.

Na karatasi yangu nimeichora upya. Nimeongeza mstari mmoja: nani anamwangalia asubuhi, na kwa dalili gani. Nimezunguka kwa wote kumi na mmoja nikiuliza, na safari hii niliwauliza majirani kwanza. Kuna mzee anayejulikana ameamka kwa redio yake. Kuna bibi anayefungulia kuku. Kuna mmoja anayejulikana kwa kikohozi, na huyo nilimpa dawa ya kikohozi mwezi Juni akapona. Mkwe wake ananiambia sasa kwamba wiki nzima walikuwa wakimgongea mlango kila alfajiri na yeye akiwafukuza.

Leo asubuhi, baada ya ibada, Elisante alikuwa anaondoka. Begi la Bibi lilikuwa limeshafungwa tangu jana, liko sebuleni, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni la kwenda wapi. Alilibeba mpaka kwenye gari. Akafungua buti, akasimama. Halafu akaniita kando.

"Baridi inaisha lini?"

"Mwisho wa Agosti inapungua. Septemba katikati, jua linarudi."

"Na wewe utakuwepo? Nimesikia una likizo Agosti."

Nilikuwa nayo, Mama, wiki ya kwanza, na wewe ulikuwa unanihesabia siku. Nilimtazama mtu yule ameshika begi la mama yake, nikasema, "Nitakuwepo. Likizo nitachukua baridi ikiisha." Akafunga buti. Begi akalirudisha ndani mwenyewe, akaliweka juu ya kitanda cha Bibi, akaondoka haraka kabla hajabadilisha mawazo. Amesema baridi ikipita bila jambo, hatamwambia tena habari ya kuhama.

Bibi alipojua nilichofanya alinikemea. "Mama yako hana haki? Mimi nina Mama Neema, nina jiko lenye pua. Nenda kwenu." Nikamwambia nimeshaahidi. Akasema, "Umemwahidi mwanangu. Mama yako umemwahidi nini?"

Ndiyo maana nimekaa kuandika leo leo. Ahadi ya Agosti ilikuwa yako, nami nimeitoa kwa mama wa mtu mwingine bila kukuuliza. Nitakuja mwisho wa Septemba, niwepo korosho zikianza kuanguka. Ukinikatalia, niandikie au mtume Mwanahawa anipigie. Nitamwambia Elisante kwamba mama yangu amekataa. Ataelewa.

Pamoja na barua hii nakutumia kilo mbili za tangawizi ya huku. Nusu mpelekee Bi Zainabu, jirani yetu. Mpe salamu Mwanahawa, dada yangu mvumilivu, na umwambie mguu wako aupime kwa kamba kila Ijumaa na kuandika. Mjomba Saidi, aliyeniazima sanduku la safari, mwambie bado ni zima, bawaba moja tu imelegea. Msalimie na shemeji wa mashine ya kusaga, na watoto wote wa pale uani wanaonikumbuka na wasionikumbuka.

Nakuombea usingizi wa kutosha na mguu usiovimba.

Mimi mwanao, ninayesubiri neno lako,
Athumani